Mpira ushaachana na mkono, mbona wanasema bado unasukumwa?

SWALI: Nafundisha fizikia sekondari. Kanuni ya kwanza ya Newton (kitu kinaendelea na mwendo wake mpaka kani ije kuubadili) wanafunzi wangu wanaitaja bila kukosea, ila nikiwauliza mpira uliorushwa juu, ukishatoka mkononi unasukumwa na kani gani, karibu wote wanajibu "nguvu ya mkono bado imo", wakati kani zilizobaki ni uzito wake na hewa tu. Nimerudia somo wee. Kuna mtu kaniambia nitumie historia ya sayansi, itasaidia kweli au ntapoteza vipindi?

JIBU: Itasaidia mwalimu, tena kwa hilo hasa. Kwanza hao wanafunzi sio wazito, wanachokisema kilishafundishwa chuo kikuu: Jean Buridan kule Paris karne ya 14 alieleza kwamba anayerusha anatia kitu ndani ya jiwe, akakiita impetus, na hicho ndo kinalipeleka mpaka uzito wake na hewa vikishinde. Halafu mwaka 1982 John Clement wa Marekani akachapisha utafiti wa wanafunzi wa uhandisi, kawauliza habari ya sarafu iliyorushwa juu, wengi wakachora kani inayoelekea juu. Wazo lina mizizi, kurudia maelezo hakuling'oi.

Hapo ndo Piaget anaingia, yule mwanasaikolojia aliyechunguza watoto wanavyofikiri. Mtoto wa miaka 5 ukimmiminia maji toka glasi pana kwenda nyembamba anakwambia yameongezeka, na kumwambia ni yaleyale hakumbadilishi, mpaka mwenyewe aone jibu lake linagongana na jambo lingine analolijua. Wako ni wakubwa ila mgongano bado wanauhitaji. Wape karatasi wachore mishale ya kani mpira ukipanda, ukiwa kileleni, na ukishuka. Wengi watachora mshale wa juu unaofupika kidogo kidogo. Usisahihishe! Uliza tu huo mshale ni wa nani, mkono si uko chini? Waache wabishane, kisha leta hoja ya Galileo ya miteremko miwili: gololi ikishuka huku inapanda kule karibu kimo kilekile, ukizidi kuulaza mteremko wa pili inaenda mbali zaidi, sasa ukiwa bapa kabisa na hakuna msuguano itasimamishwa na nini?

Ila usidhani mtoto anarudia historia hatua kwa hatua, Buridan alikuwa na nadharia iliyoshikana, mwanafunzi anabadili jibu kutokana na swali. Kwa hiyo wasifu wa wanasayansi achana nao, chukua hoja zao tu.

Wiki inayofuata rudisha zoezi la mishale, ila mpira urushwe mshazari, maana la kurusha juu wengine watakuwa wamelikariri.