Maswali Yenu: Tarehe na Saa Ndani ya R, Programu ya Takwimu

Nimebandika safu ya tarehe na ya saa kwa paste (amri ya kuunga maandishi), nikaipa as.POSIXct (amri ya kuyageuza kuwa tarehe na saa). Naona mwaka 0014! (Mwanafunzi, Tunguu)

Swali hili limeshanichosha. Hukuiambia R mpangilio wa tarehe. Yenyewe hutazamia mwaka uanze, basi 14/03/2023 huisoma mwaka wa 14, mwezi wa 3, siku ya 20, wala hailalamiki. Andika hivi:

as.POSIXct(paste(d$tarehe, d$saa), format = "%d/%m/%Y %H:%M", tz = "Africa/Dar_es_Salaam")

d ni jedwali lako, tz ni ukanda wa saa; m ndogo ni mwezi, M kubwa ni dakika. Na ukishamaliza, tazama safu kwa macho yako kabla ya kuchora grafu yoyote.

Kuna haja gani kuziunganisha? Mimi natoa saa kwa saa. (Wete)

Boti ya dagaa imetoka 18:30, imerudi 04:10. Toa, uone hasi inayokutokea. Ukiunga kila saa na tarehe yake, unapata saa 9 na dakika 40 za baharini.

Kwenye tz niandike "EAT", yaani saa za Afrika Mashariki? (Mkoani)

Usiandike. R hailijui jina hilo, itahesabu kwa UTC, saa ya kimataifa, na utakuwa umekosea saa tatu nzima.

Daftari la diko (mahali boti za wavuvi zinaposhusha samaki) limeandikwa "saa 3 usiku wa Ijumaa". Nimeweka Ijumaa 03:00. Ni sawa? (Mkokotoni)

Si sawa, na umekosea mara mbili. Saa ya karani ni ya Kiswahili: saa 3 usiku ni 21:00. Halafu kwa wazee wetu siku huingia magharibi, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni Alkhamisi jua likishatua. Chukua Alkhamisi 18:00, ongeza saa 3. Saa 8 ya usiku huohuo nayo, kwa njia hiyohiyo, itaangukia Ijumaa 02:00.

Lakini karani kijana akiandika "Ijumaa usiku", huenda anakusudia Ijumaa yenyewe ya kalenda. Kompyuta haiwezi kukuamulia hapo. Nenda dikoni ukamuulize aliyeandika, na jibu lake uliweke kwenye safu yake peke yake. Maandishi ya daftari usiyafute. Mwandishi wa daftari hana kosa, ndugu yangu. Kosa ni la aliyechapa fomu yenye kisanduku cha "saa" bila nafasi ya asubuhi, mchana au usiku, na fomu za namna hiyo bado zinagawiwa.

Saa isiyoandikwa kabisa, nikisie? (Wete tena)

Hapana. Iache NA, alama ya R ya thamani isiyokuwepo.