Muda wa saa 4 unatosha kupanda mita 700 na kurudi?

SWALI: Sisi ni watu watano, wote wafanyakazi wa ofisini, na tumekusudia kwenda kwa miguu hadi kwenye kilele chenye mandhari nzuri nje ya jiji na kurudi siku hiyo hiyo. Njia ina urefu wa kilomita 14 kwenda na kurudi, nayo inapanda mita 700. Programu ya simu inakadiria muda wa saa 4. Tukianza kutembea saa 5 asubuhi, tutawahi kurudi kabla ya giza? Jua huzama saa 12 na nusu jioni.

JIBU: Mnaweza kuwahi, lakini kwa mpango huo mtabakiwa na akiba ndogo mno ya mwanga. Kama kiongozi wa matembezi ya milimani, ningewashauri muanze saa 1 asubuhi.

Makadirio ya saa 4 yanalingana na kanuni iliyotolewa mwaka 1892 na Mskoti William Naismith, ambayo bado hutumika: saa 1 kwa kila kilomita 5, na kuongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kwenu, kilomita 7 za kwenda ni dakika 84, na mita 700 za kupanda ni dakika 70, jumla saa 2 na dakika 34. Mkiongeza dakika 84 za kurudi mnapata takriban saa 4. Hata hivyo, kanuni hiyo inamhusu mtu mwenye mazoezi, anayetembea bila kupumzika, bila kupiga picha na bila kumsubiri mwenzake. Kwa kundi lenu ningehesabu saa 3 na nusu za kupanda pamoja na mapumziko mafupi, dakika 45 za kukaa kileleni, na saa 2 na nusu za kushuka. Mkianza saa 5, basi, mtafika chini saa 11 na dakika 45, na kifundo kimoja cha mguu kikiteguka kitamaliza dakika zote zilizobaki.

Tazameni pia mistari ya kontua kwenye ramani, yaani ile inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, kwa kuwa mita 700 haziwi zimegawanyika sawasawa njia nzima. Pale mistari inapobanana ndipo mteremko ulipo mkali, na mara nyingi ni karibu na kilele, wakati miguu imekwisha kuchoka. Mwendo wa kilomita ya kwanza usiwadanganye.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni saa ya kugeuka, ambayo inapangwa mkiwa bado nyumbani kwa kuhesabu kurudi nyuma. Mkitaka kuwa chini saa 10 na nusu alasiri, saa 2 kabla ya jua kuzama, toeni saa 2 na nusu za kushuka: ikifika saa 8 mchana mnageuka, popote mlipo. Niliwahi kukubali ombi la kundi lililobakiza, kwa macho, dakika 15 tu kufika kileleni. Zikawa 50, na tukateremka juu ya mawe yanayoteleza tukiwa na kurunzi moja kati ya watu sita. Tangu siku hiyo sijawahi kuisogeza saa hiyo, hata kwa dakika 5.

Maji yakadiriwe kuwa nusu lita kwa saa, yaani takriban lita 3 kwa kila mtu, na zaidi siku ya joto. Huo ni uzito wa kilo 3, kwa hiyo punguzeni vitu vingine, lakini si koti la kuzuia upepo na mvua. Halijoto hushuka kwa nyuzi 6 hivi katika kila mita 1,000, na mtu mwenye fulana ya pamba iliyolowa jasho huanza kutetemeka dakika chache baada ya kuketi kwenye upepo. Kila mmoja awe na kurunzi ya kichwani, na ramani ipakuliwe mapema, kwani simu inayotafuta mtandao humaliza chaji haraka.

Asiye na kasi atembee wa pili, nyuma ya anayeongoza, ili mwendo wake ndio uwe mwendo wa kundi. Kabla ya kushuka, kila mtu aketi, agonge kisigino chini ili kirudi hadi nyuma ya kiatu, kisha akaze kamba hasa sehemu ya juu, karibu na kifundo. Asipofanya hivyo vidole vitasukumwa mbele kila hatua, na kucha zitauma kabla ya kilomita ya tatu.

Mkiona radi, hesabuni sekunde hadi ngurumo isikike. Zikiwa chini ya 30, dhoruba iko ndani ya kilomita 10. Ondokeni kileleni mara moja, hata kama mmefika sasa hivi.

Mwisho, mwachieni mtu aliyebaki mjini jina la njia, idadi yenu, na saa ambayo, asipopata simu yenu, ataomba msaada. Kwa ratiba hii ningeandika saa 12 jioni, wakati bado kuna mwanga wa kuwatafuta.