Fremu moja, mitutu kadhaa: maswali yenu kuhusu bunduki ya kukunja

*Ndugu wahariri, naishi Columbus, Ohio, na mke wangu na watoto watatu wa miaka 8, 11 na 14. Tunataka kuanza kulenga shabaha kama familia, na mimi na mkubwa tungependa kuwinda paa msimu ukifika. Nimeambiwa kuna bunduki ya risasi mojamoja inayobadilishwa mitutu, ukishanunua moja umemaliza. Bajeti yangu ni dola 500. Ni kweli ni nafuu? Na ninunue ya kampuni gani?*

Ndugu yetu, ni nafuu ukiinunua ikiwa seti tayari. Ukianza kuijenga mtutu kwa mtutu, gharama inakukimbia.

Bunduki unayoisema ni ya kukunja: unabonyeza lachi, mtutu unainama mbele kwenye bawaba, unaweka risasi moja, unafunga, unavuta nyundo kwa kidole gumba, ndipo unafyatua. Kwa mwanafunzi haina mpinzani. Hakuna magazini ya kusahau risasi ndani, na ikiwa imekunjwa kila aliye karibu anaona kwamba haiwezi kulia. Mtoto akipiga, lazima aishushe, afungue, atoe ganda na aanze upya, kwa hiyo kila risasi anaitafakari.

Sasa kampuni. Harrington & Richardson, yenye chimbuko la 1871 huko Massachusetts, ndiyo iliyojaza nyumba za Wamarekani bunduki hizi, na aina yake ya Handi-Rifle ilipendwa sana. Uzalishaji ulikoma 2015. Utazikuta madukani zikiwa zimetumika, lakini zina mtego mmoja: mtutu wa ziada ulikuwa unalinganishwa na fremu yako (mwili wa bunduki wenye triga na nyundo) kiwandani, na huduma hiyo haipo tena. Mtutu wa mnada unaweza kukataa kufunga, au ukafunga na kuacha mwanya. Halafu angalia alama kwenye fremu. SB1 ni fremu ya shotigani (bunduki ya marisawa), SB2 ni ya chuma imara inayostahimili risasi za raifo. Mtutu wa raifo yenye nguvu usiuweke kwenye SB1 hata kama umeingia vizuri, kwa sababu fremu ile haikutengenezwa kubeba msukumo huo.

Thompson/Center ndiyo bora kwa kubadilisha. Contender ilitoka 1967, Encore ikafuata miaka ya 1990. Mtutu wowote wa Contender unakaa kwenye fremu ya Contender bila fundi, lakini mitutu ya Contender na ya Encore haiingiliani. Unafungua skrubu za kishikio cha mbele, unakunja, unasukuma pini ya bawaba itoke, unaweka mtutu mwingine, unarudisha pini. Kila mtutu unabaki na darubini yake, kwa hiyo ukiurudisha shabaha iko karibu pale pale ulipoiacha. Piga risasi mbili tatu za kuhakikisha kabla ya kuwinda. Ila kwa dola 500 hutapata Encore yenye mitutu miwili na darubini.

Inayokufaa wewe ni seti ya Rossi ya Brazil, iliyouzwa fremu moja na mitutu miwili ndani ya boksi moja: .22 LR (raifo ndogo) pamoja na .410 (shotigani ndogo), au .22 LR pamoja na geji 20 (shotigani kubwa kuliko .410). Ziko zenye kitako kifupi cha watoto. Iliyotumika, nzima, kwa kawaida inaangukia kati ya dola 200 na 350, na salio linatosha risasi, vizuia kelele vya masikio na miwani ya wote watano.

Kabla ya kulipa, piga hesabu ya upande wa pili. Raifo mpya ya .22 ya boliti inapatikana chini ya dola 250, na shotigani ya pampu kama Maverick 88 iko karibu na bei hiyo hiyo. Ukinunua fremu, kisha mtutu wa pili, kisha darubini na pete zake, unaweza kuwa umepita bei ya bunduki mbili kamili. Na kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji: mitutu mitatu si bunduki tatu. Anapiga mtu mmoja tu. Kwa watoto wanaojifunza hilo ni zuri, mmoja anapiga na mzazi amesimama begani kwake. Lakini asubuhi ya kuwinda, wewe na mwanao hamwezi kuigawana. Kama kuwinda pamoja ndilo lengo kubwa, nunua bunduki mbili rahisi na uachane na habari ya mitutu.

*Basi nichukue mitutu ipi? Jamaa kazini anasisitiza .243 kwa ajili ya paa.*

.243 Winchester ni risasi nzuri na haipigi bega sana, lakini kwa paa wa Ohio hairuhusiwi. Tangu 2014 jimbo linakubali raifo kwa paa zikitumia risasi zenye ganda lililonyooka tu, bila shingo iliyobana, kuanzia kipenyo cha .357 hadi .50. .243 ina shingo. Kwa hiyo jamaa yako labda amezoea sheria ya Kentucky. Anayetaka raifo ya paa Ohio hutazama .350 Legend, ambayo pigo lake begani ni la wastani, au .450 Bushmaster, ambayo mwanao wa miaka 14 hataishukuru.

Ila wewe huhitaji mtutu wa tatu. Seti ya .22 na geji 20 inakutosha: .22 kwa karatasi na makopo, geji 20 kwa visahani vya udongo, sungura na bata mzinga, na risasi nzima ya geji 20 (kipande kimoja kizito badala ya marisawa) kwa paa, ambayo Ohio inairuhusu. Tumia choki (mbano wa mdomo wa mtutu) iliyo wazi, na uipime kwanza kwa umbali wa yadi 50, maana mitutu mingi ya seti hizi ina kitone tu cha kulengea.

Kuhusu .410, wazazi wengi huichagua kwa sababu ni ndogo na hairudi nyuma kwa nguvu. Kwa kupiga kopo lililosimama, sawa. Kwa kitu kinachoruka ni bunduki ya mtaalamu: ganda la inchi 2½ hubeba nusu aunsi ya marisawa, wakati geji 20 hubeba 7/8. Mtoto anakosa, anakosa tena, anakata tamaa. Geji 20 nayo, kwenye bunduki nyepesi kama hii, hupiga bega kwa nguvu kuliko watu wanavyotarajia, kwa sababu uzito wa bunduki ndio unaomeza msukumo. Nunua maganda yenye marisawa kidogo na mwendo wa chini, weka pedi ya mpira kwenye kitako, na usimpe mtoto wa miaka 8 mtutu huo kabisa. Yeye abaki na .22 mwaka mzima ikibidi. Mtoto akianza kufumba macho kabla ya kufyatua, umemharakisha, na kuliondoa hilo huchukua muda mrefu.

Kitako pia. Kutoka triga hadi mwisho wa kitako, mtoto anahitaji inchi 12½ hivi, mtu mzima karibu 14. Kikiwa kirefu, mtoto anaegemea nyuma kama anayebeba ndoo, na pigo linamkuta mkononi badala ya begani. Kwenye bunduki nyingi za aina hii kitako kimeshikwa na bolti moja ndefu iliyofichwa chini ya pedi, kwa hiyo kukibadilisha ni kazi ya bisibisi moja.

*Nimeiona moja dukani, imetumika. Niiangalie wapi?*

Omba ruhusa, hakikisha mwenyewe kwamba haina risasi, kisha ondoa kishikio cha mbele. Funga mtutu, shika fremu kwa mkono mmoja na mtutu kwa mwingine, utikise juu-chini na kushoto-kulia. Isikike kimya. Ikigonga, pini ya bawaba au lachi imelika. Rudia kwa kila mtutu, kwa sababu mmoja unaweza kuwa umetumika sana na mwingine haujaguswa. Inua bunduki kwenye mwanga na utazame mtutu unapokutana na uso wa fremu: mwanga usipite kama mstari mpana. Mwanya huo ndio unaoacha kitako cha ganda bila egemeo, likavimba au kupasuka nyuma.

Kisha angalia ndani ya mtutu kutoka nyuma. Kovu za kutu unazivumilia kwenye shotigani, lakini pete nyeusi inayozunguka ukuta wa ndani ni dalili ya mtutu uliovimba, uache. Kwenye .22 tazama ukingo wa chemba. Ukikuta kishimo pale pini inapogonga, mtu amekuwa akifyatua bila risasi, na maganda hapo yatakuwa magumu kutoka. Nyumbani tumia ganda bandia la mazoezi.

Funga, vuta nyundo, usiguse triga, sukuma nyundo mbele kwa kidole gumba. Ikianguka, rudisha bunduki kwa muuzaji. Mwisho uliza kama vishikio vyote vya mbele vipo, kwa kuwa vya shotigani na vya raifo mara nyingi hutofautiana, na kukitafuta kimoja kilichopotea kunaweza kukugharimu kuliko punguzo ulilopewa.

*Shemeji yangu hana muda wa kwenda dukani. Naweza kumnunulia, anirudishie pesa? Na mama yangu akija kututembelea, naweza kumpa apige kidogo?*

Kwa shemeji, hapana. Fomu ya serikali kuu namba 4473 inakuuliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Ukisema ndiyo huku pesa ni za mwingine, umesema uongo kwenye fomu ya serikali, hata kama huyo mwingine ana haki zote za kumiliki silaha. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua hivyo 2014 katika kesi ya Abramski, ambaye alimnunulia bastola mjomba wake kwa hundi ya huyo mjomba. Kama unayemnunulia amekatazwa na sheria, tangu 2022 kifungo chaweza kufika miaka 15. Zawadi ya kweli kwa mwanao, kwa pesa yako, ni jambo jingine na inaruhusiwa.

Mwenye green card anaweza kununua kama raia. Aende na kitambulisho cha jimbo chenye anwani ya sasa na namba yake ya uhamiaji. Raifo na shotigani dukani ni kuanzia miaka 18, lakini fremu tupu bila mtutu ni 21. Mtutu wenyewe si silaha kwa sheria ya serikali kuu, kwa hiyo kwa kawaida huletwa nyumbani kama kipuri. Majimbo mengine yana kadi zao: Illinois huwezi kumiliki bila FOID.

Mama yako akija kwa viza ya kutembea, usimshikishe. Wenye viza za muda, wanafunzi wakiwemo, kwa jumla wamekatazwa kumiliki hata kushika silaha na risasi, isipokuwa wachache, mfano aliye na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Makosa haya yanaharibu hadhi ya uhamiaji ya mtu.

Na kwa wenye Contender ya bastola: mtutu wa raifo ukipungua inchi 16, au wa shotigani ukipungua 18, usikutane na kitako cha begani. Sheria ya 1934 inaihesabu hiyo kuwa silaha ya kusajiliwa. Ukibadilisha, weka mtutu mrefu kwanza, kitako baadaye. Ukirudi kwenye bastola, kitako kitoke kwanza.

*Nina mtutu mmoja wa ziada. Tunapakia kontena la kwenda Tanga, naweza kumtumia baba?*

Usitumie. Mtutu unaoletewa na posta hapa unahitaji kibali cha serikali ya Marekani ukitoka nje ya nchi, na Tanzania nayo husimamia silaha na sehemu zake kwa sheria ya 2015. Ukikutwa ndani ya kontena, wenye mizigo yote humo wataingia matatani pamoja nawe.

*Mwanangu wa miaka 11 nyundo inamteleza kidoleni. Na juzi .22 ililia "tik" tu, haikutoka. Tufanye nini?*

Nyundo kwanza. Mtutu ukiwa na darubini, nafasi ya kidole huwa finyu. Funga kipande cha kuongezea nyundo pembeni, kinauzwa bei ndogo. Na nyundo isivutwe mpaka awe ameshalenga. Kuirudisha chini polepole ndipo vidole vidogo huteleza, kwa hiyo akighairi, akuachie wewe, mdomo wa mtutu ukiwa bado unatazama tuta la udongo. Bunduki yako ina kipande kinachokaa kati ya nyundo na pini mpaka triga ivutwe. Kinga nzuri, lakini haiokoi kitu triga ikiwa imebanwa wakati nyundo inateleza.

Ikilia "tik", asifungue. Mtutu ubaki kwenye shabaha kwa sekunde 30 kamili, kwa sababu baruti yaweza kuchelewa kushika. Kisha fungua, toa risasi. Kama mlio ulikuwa hafifu kuliko kawaida, simamisha kila kitu, ondoa mtutu, tazama kama mwanga unapita. Risasi iliyokwama ndani ikifuatwa na nyingine inapasua mtutu. Hatari ya namna hiyo iko kwa mwenye mitutu ya geji 12 na 20: ganda la geji 20 likidondokea kwenye mtutu wa 12, linazama na kukwama mbele, na la 12 linaingia nyuma yake bila shida. Ndiyo sababu maganda ya geji 20 ni ya njano. Beba aina moja tu mfukoni kila mnapobadili mtutu, na zile nyingine zifungiwe garini.

Mkirudi nyumbani, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya chakula, kwa ajili ya vumbi la risasi. Fremu kabatini chini ya kufuli, mitutu pengine, risasi pengine. Kufuli za waya hutolewa bure na vituo vingi vya polisi kupitia mpango wa Project ChildSafe. Piga simu kituo chako kabla ya kwenda.