Majibu kwa wasomaji: Redox na mifumo iliyotangulia

Swali: Redox inaitwa mfumo endeshi wenye kiini kidogo. Udogo huo unahusu nini?

Jibu: Kiini ndicho sehemu ya mfumo endeshi yenye mamlaka kamili juu ya mashine. Katika Linux, draiva nyingi (programu zinazoendesha vifaa kama diski), mifumo ya faili na itifaki za mtandao hukaa ndani ya kiini kimoja, kwa hiyo draiva moja mbovu inaweza kuangusha kompyuta nzima. Redox huacha ndani ya kiini kazi chache tu, kama vile kugawa kumbukumbu, kuzipangia programu zamu za kutumia prosesa na kuziwezesha kuwasiliana. Draiva zenyewe huendeshwa nje, kama programu za kawaida, na mojawapo ikianguka si lazima nyingine ziathirike. Ulinzi huo una gharama yake, kwani ombi la kusoma diski hulazimika kupita katika programu kadhaa kabla ya kujibiwa.

Swali: Je, wazo hilo ni la Redox wenyewe?

Jibu: Hapana, na Jeremy Soller, Mmarekani aliyeuanzisha mwaka 2015, pamoja na wenzake hawalifichi deni hilo. Wanautaja mfumo endeshi wa Minix, ambao profesa Andrew Tanenbaum aliutoa mwaka 1987 huko Amsterdam kwa ajili ya kufundishia. Mwaka 1992 Tanenbaum alimkosoa hadharani Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akidai kwamba kujenga Linux juu ya kiini kimoja kikubwa kulikuwa kurudi nyuma hadi miaka ya 1970. Linux ilienea duniani kote, ingawa kwa maoni yangu kuenea huko hakukuivunja hoja ya mzee huyo.

Deni linalonivutia zaidi, hata hivyo, ni lile la Plan 9, mfumo endeshi wa maabara ya Bell Labs, ulioipeleka mbali kanuni ya mfumo wa zamani wa Unix kwamba kila kitu ni faili. Katika Redox, programu yoyote yenye ruhusa inaweza kujisajili kwenye kiini kama mtoaji wa huduma fulani, na huduma hiyo huitwa skimu. Kwa mfano, programu inayohitaji namba za nasibu hufungua /scheme/rand na kuisoma kama faili la kawaida, ilhali anayejibu si diski bali programu nyingine iitwayo randd.

Swali: Kwa nini waliuandika kwa lugha ya programu ya Rust badala ya C?

Jibu: C humwachia mwandishi jukumu lote la kumbukumbu, na kosa dogo huweza kuwa mlango wa wavamizi. Kompaila ya Rust, yaani programu inayotafsiri msimbo kwa lugha ya mashine, huyakataa mengi ya makosa hayo kabla programu haijaendeshwa. Msisadiki, hata hivyo, kwamba hatari imekwisha kabisa, maana kiini hugusa maunzi, yaani vifaa vya kompyuta, moja kwa moja, na huko hubaki vipande vya msimbo ambavyo kompaila haiwezi kuvithibitisha.

Swali: Naweza kuuweka kwenye kompyuta mpakato yangu ya kazini?

Jibu: Nisingeshauri, kwa kuwa maunzi ambayo Redox unayatambua bado ni machache. Ujaribu ndani ya QEMU, programu inayoiga kompyuta, kisha usome msimbo wa randd. Leseni yake ya MIT inakuruhusu kuubadilisha na kuusambaza, mradi uache tangazo la hakimiliki.