Mtambo umeondoka, hundi haijaja: mrabaha wa gesi Texas huanza kulipwa lini?

Swali: Marehemu mume wangu aliachiwa na wazazi wake robo ya haki za madini kwenye eka 40, kaunti ya Panola, mashariki mwa Texas. Mkataba na kampuni ya gesi unasema mrabaha, yaani fungu la mauzo la mwenye haki za madini, ni asilimia 20. Mtambo wa kuchimba uliondoka Machi. Sasa ni Agosti na sijaona hata senti. Naishi Houston. Je, nimedhulumiwa?

Jibu: Pole sana kwa msiba, dada. Kwa uliyoeleza, dalili ya dhuluma haipo bado. Mtambo ukiondoka maana yake shimo limechimbwa, limevishwa mabomba ya chuma na kumiminiwa saruji, basi. Gesi haitoki hapo mpaka lije kundi jingine kabisa la mafundi.

Mwamba wa Haynesville mnaochimbiwa huko uko zaidi ya futi 10,000 chini, na shimo likiufikia hupinda na kulala ndani yake kwa maili moja, mbili au zaidi. Mafundi wa awamu ya pili huanzia mwisho wa shimo: hutoboa bomba kwa baruti, husukuma maji yenye mchanga kwa shinikizo kubwa ili mwamba upasuke, huweka kizibo, kisha hurudi nyuma kwenye sehemu inayofuata. Wakimaliza, vizibo husagwa, maji hurudi juu, ndipo kisima huunganishwa na bomba la kuuzia gesi. Kazi yenyewe ni ya wiki kadhaa. Kinachochukua miezi ni foleni. Kampuni ikipanga visima vinne kwenye kiwanja kimoja, huchimba vyote kwanza ndipo ipasue. Pengine bomba la kusafirishia halijafika. Pengine bei ni mbaya: gesi ya Haynesville ni kavu, haina mafuta ya kufidia hasara, kwa hiyo bei ikishuka kampuni huacha kisima kikisubiri. Hapo angalia kama mkataba wako una kifungu cha malipo ya kisima kilichofungwa. Kwa kawaida huwa ni dola chache kwa eka, tena baada tu ya kisima kuwa tayari kutoa gesi.

Huna haja ya kubahatisha. Tovuti ya Railroad Commission of Texas, tume ya jimbo inayosimamia mafuta na gesi (jina limebaki, reli haizishughulikii tena), ina ramani ya visima. Tafuta chako upate namba ya API, yaani namba ya utambulisho wa kisima, inayoanza na 42. Ingiza namba hiyo kwenye FracFocus, tovuti yenye taarifa za visima vilivyopasuliwa mwamba: ukikuta tarehe za kupasua mwamba, awamu ya pili imeshapita. Kisha rudi kwenye tume utafute fomu G-1, taarifa ya kukamilika kwa kisima cha gesi, na takwimu za uzalishaji za kila mwezi.

Saa ya malipo huanza kuhesabu gesi inapouzwa mara ya kwanza. Sheria ya Texas inaipa kampuni siku 120 kuanzia mwisho wa mwezi wa mauzo hayo. Gesi ikiuzwa tarehe 10 Juni, mwisho wa kulipa ni 28 Oktoba. Baada ya hapo, kama mkataba hausemi vingine, gesi ya kila mwezi hulipwa ndani ya siku 90. Wakichelewa bila sababu ya kisheria, riba inawahusu. Waandikie kwa posta, nao wana siku 30 za kulipa au kujibu kabla hujafungua kesi.

Sababu ya kisheria inayowapata wengi ni umiliki, na hapa ndipo ninapokuhofia. Kama rekodi za kaunti bado zinaonyesha jina la mkwe wako, kampuni itaweka fedha zako kando bila riba mpaka mlolongo wa urithi ukamilike: kutoka kwa wazazi hadi kwa mume, kisha kwako na kwa watoto kama wapo. Tafuta mwanasheria wa mirathi sasa hivi, kisha mkasajili hati kwa karani wa kaunti ya Panola (si Houston), na upeleke nakala kwa idara ya wamiliki ya kampuni. Fedha zisizodaiwa miaka mitatu huenda kwa mhasibu wa jimbo.

Kabla ya hundi utaletewa hati ya mgawanyo yenye desimali yako, yaani fungu lako la mauzo ya kisima. Ihakiki mwenyewe. Robo ya eka 40 ni eka 10. Kama eneo lote la wamiliki mbalimbali lililounganishwa kwa kisima ni eka 640, gawanya 10 kwa 640, zidisha kwa 0.20, upate 0.00312500. Hayo ni kama robo yote imekuja kwako. Kisima kikiuza futi za ujazo milioni 300 kwa mwezi kwa dola 2.50 kila elfu, fungu lako ni dola 2,343.75, kabla ya kodi ya uzalishaji ya jimbo (asilimia 7.5, japo visima vya gharama kubwa hupunguziwa) na makato ya kusafirisha gesi kama mkataba unayaruhusu. Desimali ikilingana, saini. Usiposaini wana haki ya kuzuia malipo. Jaza pia fomu W-9, ya kuwapa namba yako ya mlipakodi, la sivyo watakata asilimia 24.

Hundi ya kwanza hubeba miezi kadhaa kwa pamoja, nayo ni ya miezi ambayo kisima kina nguvu zaidi. Visima vya aina hii hupoteza nusu ya nguvu au zaidi ndani ya mwaka, kwa hiyo usikopee nyumba kwa hesabu ya hundi hiyo. Na zikija barua za kutaka kununua haki zako, zenye hundi tayari ndani, usiipeleke benki kabla mwanasheria hajasoma maandishi yaliyo nyuma yake.