Kabla hujaburuta klipu, jua programu yako inafanya nini zikigongana

Madogo mnaoanza kuediti video, swali mnaloniuliza sana ni hili, "bro nimesogeza klipu, ya jirani imekatika, laptopu ina virusi?" Haina. Kila programu imejiamulia kivyake klipu mbili zikikutana kwenye treki moja (mstari mmoja wa picha au sauti) nani ampishe mwenzake, na wewe hukuulizwa.

Kwenye Premiere Pro na DaVinci Resolve, ukiburuta klipu ukaiachia juu ya nyingine, ile sehemu iliyofunikwa inafutwa kwenye taimlaini, pale unapopangia klipu. Halafu ukiisogeza tena pembeni, ile iliyofunikwa hairudi, linabaki tundu. Faili lenyewe halijaguswa, piga Ctrl+Z fasta, au kama ushapita mbali vuta ukingo wa kipande kilichobaki mpaka picha irudi. Kabla hujaachia mausi hakuna kilichofutwa, kwa hiyo usiwe na pupa. Shotcut yenyewe ukipandisha kidogo klipu juu ya jirani yake inadhani unataka ziyeyukiane, inakuwekea transisheni (picha moja inafifia kuingia nyingine) hapo hapo. Kdenlive kwenye modi ya kawaida inagoma tu, haikuruhusu kuipandisha klipu juu ya mwenzake. Final Cut Pro tangu toleo la 2011 klipu zinapishana zenyewe, na zile zilizoning'inizwa juu ya mstari mkuu zikitaka kugongana moja inapanda ghorofa. Wengi wanauchukia mgomo wa Kdenlive, mimi kwa mtu anayeanza naupenda.

Ukitaka kuchomeka katikati bila kufuta kitu, Premiere shikilia Ctrl wakati unaachia, Mac ni Cmd. Kdenlive badili modi iwe ya kuchomeka. Sasa hapa ndo video nyingi za harusi zinapoharibikia, maana umechomeka shoti ya bibi harusi, klipu zote za mbele zimesogea, na muziki uliokuwa umelala chini nao umekatwa vipande viwili na katikati kimya, kwa sababu Premiere inasogeza treki zote ili picha na sauti zisiachane. Funga kufuli treki ya muziki kabla ya kuchomeka. Lakini sauti ya MC iliyorekodiwa pembeni usiifungie, hiyo lazima itembee na picha yake, la sivyo kuanzia hapo mpaka mwisho mdomo unasema hivi na sauti inasema vile, na utakuja kugundua ukiwa ushaeksipoti.

Kupanga upya tu, yaani ya tatu iende ya kwanza, Premiere ni Ctrl+Alt ukiwa unaburuta. Snapu nayo, ile inayonasisha klipu ukingo kwa ukingo, iwe imewashwa, S kwenye Premiere, N kwenye Resolve, bila hiyo utaacha fremu moja nyeusi katikati ambayo kwenye simu huioni ila kwenye skrini ya ukumbini kila mtu anaiona.

Kama huna uhakika, klipu ipandishe treki ya juu kwanza, cheza, ukiridhika ndo ushushe.

Kwa maoni yangu programu zote zingepaka rangi kali ile sehemu inayotaka kufutwa kabla hujaachia mausi. Kdenlive na Shotcut ni za bure na watengenezaji wake wanapokea malalamiko, ila ukiandika "inakata klipu zangu" hawana cha kufanya. Taja toleo, modi uliyokuwepo, treki zipi zilikuwa na kufuli, uliburuta nini kwenda wapi, na ulitegemea itokee nini.