Nilimfungia ndani mwanangu mlemavu wakati wa corona, je nimefanya dhambi?

SWALI

Assalaam alaykum sheikh wangu. Mie ni mama, nipo Wete Pemba. Nna mtoto wa kiume ana mtindio wa ubongo, hatembei, hasemi, kulishwa ni mie, kubadilishwa ni mie. Wakati wa corona alikuwa na miaka minne. Skuli zilipofungwa ile Machi 2020 na watu wakaambiwa wakae majumbani nikamfungia chumbani, sikutaka hata jirani amguse maana kifua chake kibovu, nikaacha na mazoezi ya hospitali. Baba yake yupo Muscat akakwama huko huko. Miguu ya mtoto ikazidi kukaza. Mama mkwe anasema mie ndie niliyemharibu, wengine wanasema ni dhambi zangu za usichana, na wanataka apelekwe kwa mganga. Corona imekwisha lakini mpaka leo simtoi nje, naona haya watu wanavyomtizama. Na kuna usiku mmoja wakati ule nilichoka nikamuomba Mungu amchukue. Pia nilikuwa nakusanya sala kwa sababu ya mikojo, sijui zimeswihi au nizilipe. Na nikimbadilisha pempasi udhu unatoka? Nisaidie sheikh, silali.

JIBU

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, umeuliza mengi kwa pumzi moja, na mie naanza na lile la ile dua ya usiku, maana naona hilo ndilo linalokunyima usingizi na haya mengine umeyatia tu pembeni yake.

Kumuombea mtoto afe haifai, hilo siwezi kulipindisha. Mtume swalla Llahu alayhi wasallam amesema katika hadithi ya Jabir ilioko kwa Muslim, msiziombee mabaya nafsi zenu wala watoto wenu wala mali zenu, isije ikasadifu saa ambayo Allah akiombwa anajibu. Lakini sasa fungua msahafu Surat Yunus aya ya 11, Allah anasema lau angeliwaharakishia watu shari kama wanavyoiharakia kheri basi wangelikwisha malizwa. Mujahid katika wanavyuoni wa tafsiri anasema hii ni pale mtu anapoghadhibika akamuapiza mwanawe au mali yake, akasema ewe Mola usimbariki, mlaani. Yani Mola wako anajua kabisa kuwa mzazi akifika mwisho wa nguvu zake anasema maneno, na kwa rehema yake hakukushika kwa neno lile, mtoto yupo hai, jana umemnywesha uji. Ungelikuwa humtaki usingeliniandikia leo baada ya miaka yote hiyo. Leta istighfari, azimia kutorudia, basi. Hakuna kafara, hakuna kufunga, hakuna cha kuchinja, na atakaekwambia ulete kuku mwambie sheikh kakataa. Na zikikurudia tena zile fikra za usiku, zitakurudia maana wewe ni binaadamu, sema dua aliyotufundisha Mtume pale alipotukataza kutamani mauti, Allahumma ahyini maa kaanatil hayaatu khayran lii, watawaffanii idhaa kaanatil wafaatu khayran lii, yani Mola niweke hai maadamu uhai ni kheri kwangu na unifishe pale kufa kutakapokuwa kheri kwangu, na kwa mtoto unasema hivyo hivyo, Mola muweke maadamu uhai ni kheri kwake. Halafu muamshe mtu. Wifi, mdogo wako, jirani, yeyote, akushikie mtoto ulale japo masaa mawili, kwa sababu mwanangu nyengine hizi dawa yake ni usingizi tu wala sio fatwa.

La kumfungia ndani. Hapa nataka mama mkwe wako asomewe hichi kipande kwa sauti. Mtume kasema mkisikia tauni ipo kwenye nchi msiingie, na ikitokea mlipo msitoke kuikimbia, na kasema pia mwenye ngamia wagonjwa asiwalete kwa wenye ngamia wazima. Sayyidna Umar alikuwa njiani kwenda Sham, yani upande wa Syria, akafika pahala panaitwa Sargh akaambiwa kuna tauni mbele, akageuza msafara, Abu Ubayda akamwambia unaikimbia kadari ya Allah? Umar akamjibu ndio, tunaikimbia kadari ya Allah tunakwenda kwenye kadari ya Allah. Sasa kama Umar na masahaba wazima wenye nguvu zao waligeuza, wewe na kitoto cha miaka minne kifua kibovu kisichoweza hata kujikohoa vizuri ulitakiwa ufanye nini? Na Bibi Aisha kapokea kwa Mtume, ipo kwa Bukhari, kwamba tauni ikimkuta mtu akabaki pale alipo, akasubiri na kutarajia malipo, akijua halitompata ila Allah alilomuandikia, basi ana mfano wa ujira wa shahidi. Mwaka ule Makka yenyewe tuliiona kwenye tivii mataaf, pale watu wanapoizunguka Kaaba, patupu, na Hija ya 2020 hakuna hata mmoja alieondoka kwetu kwenda. Na wale wanaosema mpaka leo ati corona ilikuwa maneno ya redioni, wakumbuke Februari 2021 tulivyomzika Maalim Seif, Makamo wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, huko Mtambwe, na chama chake kilishatangaza kabla kuwa anaumwa corona. Kwa hiyo ulivyomtenga ulifanya sababu, na kwa niya ile nataraji Allah amekuandikia ujira.

Ama mazoezi yaliyokatika na miguu kukaza, uliacha jambo la manufaa kwa kukimbia la hatari, na ndivyo fiqhi inavyotaka madhara mawili yakigongana, unachukua jepesi. Huna lawama hapo. Na madaktari wanasema mtindio wa ubongo ni athari iliyoingia kwenye ubongo mtoto akiwa tumboni au wakati wa kuzaliwa au baada yake kidogo, mara kakosa hewa, mara kazaliwa kabla ya siku zake, mara manjano imempanda sana, athari ile haikutoka chumbani kwako 2020. Kinachokaza ni misuli, na misuli ikinyooshwa taratibu kila siku inasaidika hata sasa hivi. Mrudishe Chake Chake au hapo hapo Wete, mwambie mtu wa mazoezi akuoneshe wewe na huyo bibi yake wote wawili namna ya kumnyoosha nyonga na visigino, ili anaekulaumu nae apate kazi ya mikono.

Dhambi za usichana nalo naliona ni dhulma tu ya maneno. Allah kasema katika Surat Al-An'aam hakuna mbebaji atakaebeba mzigo wa mwengine, sasa mtoto huyu abebeshwe dhambi zako kwa hukumu gani? Mitume ndio waliopata mitihani mikubwa kuliko watu wote, wana dhambi gani wao? Ibn Abbas alimwambia mwanafunzi wake Ataa bin Abi Rabah, nikuoneshe mwanamke wa peponi? Akamuonesha mwanamke mweusi, alikuja kwa Mtume akasema mie naanguka kifafa na nguo zinanifunuka niombee kwa Allah. Mtume akamwambia ukitaka usubiri upate pepo, na ukitaka nikuombee upone. Akasema nasubiri, lakini niombee nisifunuke. Akamuombea. Mama huyu hakuambiwa una laana, hakuambiwa toa sadaka kwa mizimu. Na kuna jambo hapa wengi wanalipita, huyu Ataa aliyeoneshwa, aliyetupokelea hii khabari, mwenyewe alikuwa mweusi, chongo, kiguru, mkono umepooza, na mwisho wa umri wake akapofuka kabisa. Na Makka ikawa wakati wa Hija inatangazwa asitoe mtu fatwa ila Ataa. Sasa fikiria alikuwa na mama, na mama yake alikuwa na majirani, na sidhani majirani wa Makka walikuwa na ndimi tamu kuliko wa Wete.

Mganga, hapana. Anaekwenda kwa mwenye kudai anajua ghaibu akamuuliza kitu, sala yake ya siku arubaini haikubaliwi, hadithi ipo kwa Muslim. Msomee Fat-ha, Ayatul Kursiyyu na Muawwidhatayn, yani Falaq na Nas, wewe mwenyewe jioni, mkono wako kifuani kwake. Yatosha.

Sasa mwanangu nikuguse pale utakapoumia kidogo. Corona imekwisha miaka, skuli zimefunguliwa, boti zinakwenda na kurudi, harusi zinapigwa ngoma mpaka alfajiri, na mtoto wako bado yupo karantini. Ile ya 2020 ilikuwa ibada. Hii ya sasa umemfungia kwa sababu ya macho ya watu, na macho ya watu sio udhuru wa kisheria. Abdullahi bin Ummi Maktum alikuwa kipofu, alikuja kwa Mtume wakati Mtume ana wakubwa wa Makureshi Mtume akakunja uso, ikashuka sura ya Abasa wa tawalla, inasomwa mpaka kiama, na baadae akawa muadhini wa Madina na Mtume akisafiri anamuachia mji. Na kulikuwa na mwanamke Madina ana kitu katika akili yake, akamwambia Mtume nina haja na wewe, Mtume hakumfukuza wala hakumcheka, akamwambia chagua njia yoyote uitakayo nikutimizie haja yako, akasimama nae mpaka akamaliza. Njiani, watu wanapita. Hakumwambia twende tukajifiche.

Na sipendi ukadhani lawama zote nakutwika wewe, wewe umeona haya kwa sababu watu wamekuonesha haya. Mwaka juzi kuna baba alimleta mwanawe mgongoni Ijumaa katika msikiti mmoja, mtoto akawa anatoa sauti kama wanavyotoa, akatokea mzee akamwambia mtoe huyo anatuharibia khutba. Baba akatoka, na mpaka leo sijamuona tena safu za Ijumaa. Wa kuulizwa mbele ya Allah nani hapo? Watu wanaotia vidole masikioni kwa sauti ya mtoto na simu zao zinalia rukuu nzima. Ustadhi wa chuo cha Qur'ani alie jirani yako nae asikwambie huyu hafai kuchukuliwa. Mtoto kutosema sio kwamba hasikii, wengi wenye mtindio wa ubongo akili yao nzima kabisa, viungo tu ndio vimekataa kutii. Muweke kwenye mkeka pembeni ya wenzake asikilize Fat-ha kila siku, muangalie macho yake wakifika pahala anapopajua. Kama anafahamu akibaleghe atasali kwa ishara ya kichwa au macho, kama alivyoambiwa Imran bin Husayn sali umesimama, usipoweza kaa, usipoweza lala ubavu. Na kama akili haipo basi kalamu imeondoshwa kwake, hana dhambi hata moja ya kuandikwa, na wewe unamuosha mtu ambae hana hesabu. Tafuta mtu wa kumuonea huruma kwengine, huyu yupo salama kuliko mie na wewe.

Anza kidogo kidogo, mtoe barazani asubuhi jua likiwa halijawaka, wiki ya pili mpaka dukani. Nenda kwa sheha umwambie akuunganishe na Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar na ile jumuiya ya wenye ulemavu wa akili, ZAPDD, na uliza skuli ipi ya karibu yenye elimu mjumuisho, yani inayosomesha wenye ulemavu pamoja na wenzao, haki hiyo anayo kisheria huombi sadaka. Na baba yake wa Muscat mpe simu asome hapa, nafaqa, yani matunzo, ya mtoto huyu ni wajibu wako wewe bwana, pempasi na dawa na nauli ya hospitali zimo ndani yake, na kama una uwezo wa kumuwekea mama msaidizi wa kazi basi muwekee. Al-Walid bin Abdulmalik katika ukhalifa wake aliwapa wasioweza kutembea kila mmoja mtumishi, na kila kipofu mtu wa kumuongoza, wewe unashindwa na mwanao mmoja?

La kukusanya sala. Madhhab yetu ya Imam Shafii yanayojulikana hapa Zanzibar ni kuwa kujumuisha kunafaa kwa safari na mvua kwa masharti yake, ama ugonjwa si katika kauli iliyo mash-huri. Lakini Imam Nawawi, nae ni katika nguzo za madhhab yetu, kaona kwa dalili kauli ya kujumuisha kwa ugonjwa ina nguvu, na Mahanbali, wanaofuata madhhab ya Imam Ahmad bin Hanbal, wamemruhusu mpaka mama anaenyonyesha ambae inamtaabisha kujitwaharisha kila sala. Wanategemea hadithi ya Ibn Abbas, Mtume alijumuisha Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha, akiwa Madina bila ya khofu wala mvua, Ibn Abbas akaulizwa kwanini, akasema hakutaka kuutia umma wake uzito. Kwa hiyo ulizokusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha, usizilipe, zimeswihi inshaallah. Ila Alasiri na Magharibi hazikusanywi kwa yeyote. Na kuanzia sasa usiifanye mazoea, kusanya siku iliyokulemea.

Udhu nao ni hivi, kushika mkojo au choo hakutengui udhu, unaosha mkono tu. Kinachotengua kwetu Mashafii ni kugusa tupu yenyewe kwa kiganja kitupu, hata ya mtoto mdogo. Ukivaa glavu au ukashika kwa kitambaa udhu wako upo. Akiwa amevaa pempasi yenye mkojo usimbebe ndani ya sala, mbadilishe kwanza, akiwa safi mbebe usitie shaka, Mtume alisali amembeba Umama mtoto wa bintiye. Weka buibui moja au kanzu maalumu ya kusalia, mbali na kitanda chake, ili kila adhana usianze kufua. Na akikaribia kubaleghe muombe ami yake awe anakuja kumuogesha, akikosekana mtu endelea mwenyewe kwa kumfunika shuka, dharura inakuruhusu.

Wallahu aalam.